Maisha ya Fundi Ribiti na Ngazi ya Behewa 2286

Ndugu wa familia, majirani, mafundi wenzake wa karakana, wanachama wa chama cha treni ndogo, na ninyi wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, mimi ni dada yake mkubwa marehemu, nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo, na nimesimama mbele yenu kwa sababu yeye mwenyewe aliacha karatasi kwenye droo ya meza, imeandikwa kwa penseli, inasema asome dada, asinipake rangi ambayo sikuwa nayo.

Jana mchana watoto wake, ambao ni wanangu pia, walinifuata jikoni wakaniomba kwa adabu, shangazi, ile habari ya ngazi tuiruke, wageni watakuwa wengi na wengine wametoka mbali. Niliwajibu kwamba wakiiruka ngazi watakuwa wanamzika mtu mwingine, na huyo mwingine mimi simjui, kwa hiyo atafutwe wa kumsomea. Ngazi imo. Kaeni vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, katika nyumba ya tatu ya safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli, ile iliyopakana na mnara wa maji, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa mpanga mabehewa stesheni na mama aliyekuwa mshona sare. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikaambiwa nimepata mwenzangu wa kucheza naye, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa sababu tangu alipoweza kukaa mwenyewe alikaa dirishani akitazama reli, na ukimwita hageuki mpaka behewa la mwisho lipite. Alipofikisha miaka sita, mjomba wetu, ambaye alikuwa fundi wa mabati, alimtengenezea behewa la tangi kwa kopo la maziwa, akalipaka rangi nyeusi, akalitia na kamba ya kuvutia, marehemu akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaligeuza juu chini, akasema asante sana mjomba, lakini la kweli lina magurudumu manane na hili lina manne. Mama alitamani ardhi ipasuke immeze, ila mjomba akacheka, akalichukua, akaenda akaongeza manne, na hapo ndipo mtoto alipoharibika, maana tangu siku hiyo alijua kwamba ukisema kosa liko wapi, na kweli likawa hapo, watu watalirekebisha.

Alianza shule ya msingi mwezi wa Januari 1958, katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli, darasa lile lile nililoliacha mimi, na dawati lile lile lenye mguu mfupi, akamaliza mwaka 1964, akiwa hodari wa hesabu na kuchora, na masomo mengine tusiyaseme. Mwaka 1965 aliingia shule ya ufundi, akasomea kazi za vyuma na kulehemu, akahitimu mwezi wa Novemba 1968, kwa daraja la pili. Kwenye karatasi mliyogawiwa mlangoni imeandikwa daraja la kwanza, hilo ni kosa, na angekuwa hai angekwisha kupita safu kwa safu na penseli yake akiwasahihishia.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika karakana ya reli, banda namba nne, kitengo cha mabehewa ya matangi, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote, akitengeneza yale mabehewa marefu ya mviringo yanayobeba mafuta, akibadilisha mabati yaliyoliwa na kutu, mifuniko, valvu na ngazi. Jina la Ribiti alipewa na wenzake mwaka wake wa kwanza, kwa sababu kila behewa lililoingia alilizunguka na nyundo ndogo akigonga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati, moja moja na kuzihesabu kwa sauti, na mnyapara akimuuliza za nini, anasema ili nijue kama zote zimerudi. Wazee wa banda namba nne walioko hapa, na nawaona watatu, watawaambia kwamba kwa miaka thelathini na saba hakuna tangi lililotoka mkononi mwake likarudi kwa kuvuja. Hilo si rangi, hilo ni chuma chenyewe.

Sasa nakuja kwenye ndoa. Mke wake, wifi yangu huyu mnayemuona hapa mbele, alikuwa muuza tiketi stesheni, dirisha namba mbili, na marehemu alimwendea mara ya kwanza kumwambia kwamba saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa chake imechelewa dakika nne, kesho yake akaenda tena kumwambia imechelewa tano, na siku ya tatu wifi akamjibu, mbele ya foleni nzima, kwamba kama shida ni saa amuone fundi wa saa, na kama shida ni nyingine aiseme haraka, treni inaingia. Akaisema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Septemba 1973, saa tano asubuhi, na mnyapara wa banda namba nne akawa msimamizi wao, na kwa miaka mingi iliyofuata marehemu alipenda kusimulia, kila palipokuwa na harusi, kwamba wanaume wengine huchanganyikiwa siku hizo, lakini yeye Ijumaa ile ya kabla ya ndoa alikwenda kazini kama kawaida, akafunga ngazi ya behewa, akatoka saa kumi jioni, na mkono haukutetemeka. Wifi alikuwa akisikia hivyo anaangalia pembeni. Ishikeni hiyo Ijumaa, nitairudia.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mume wa maneno matamu. Siku ya ndoa yenyewe, bibi harusi alipotokea amevaa gauni alilolishona mama yetu kwa wiki tatu, sisi sote tukanyamaza kwa jinsi alivyopendeza, na bwana harusi akasema pindo limenyooka. Kwa miaka yote wifi alinilalamikia kwamba hajawahi kusikia kwake neno moja la mapenzi, nami nilimjibu kwamba ndugu yangu namjua, kwake yeye pindo limenyooka ndilo hilo neno lenyewe, lakini wifi hakuridhika, na kusema kweli hata mimi nisingeridhika.

Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1975, ambaye sasa ni mpima ardhi, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1979, ambaye ni fundi wa lifti, na wajukuu watatu, wote wa kike, wote wabishi. Mkwe wetu, mume wa binti, alipokuja kujitambulisha mwaka 2001, marehemu alimtazama kuanzia juu mpaka chini kwa dakika tano bila neno, sebuleni pakawa kama chumba cha mtihani, halafu akamwambia kiatu chako cha kushoto umekifunga kamba tofauti na cha kulia. Kijana akainama, akafungua, akafunga upya, akaketi. Marehemu akasema huyu anafaa, anarekebishika. Wako pamoja mpaka leo.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2006, siku aliyotimiza miaka hamsini na mitano, na wiki mbili za kwanza alikuwa kero, akaja hadi kwangu kukaza bawaba za kabati ambalo halikuwa na tatizo lolote, mpaka mwanawe alipokwenda kwenye lile duka la treni ndogo, karibu na posta, akamnunulia zawadi, behewa dogo la tangi lililotoka kiwandani mwezi huo huo, ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki. Kwa wale msiojua, haya si mambo ya watoto. Ni vigari vinavyotengenezwa kwa kufuata behewa la kweli, kila kipimo kikigawanywa kwa themanini na saba, hivyo behewa la mita kumi na mbili linakuwa na urefu wa kalamu, na watu wazima, wenye mvi na heshima zao, hununua, hukusanya, na hugombana kwa jambo moja tu, hiki kinafanana na kile cha kweli au hakifanani.

Marehemu alikitazama kile kigari nusu saa, akamshukuru mtoto, akakirudisha ndani ya boksi, akaweka na karatasi yenye makosa kumi na moja, akalipeleka boksi dukani. Mwenye duka aliisoma akacheka, halafu akatoa rula ya chuma na kioo cha kukuzia, akaanza kuhakiki kosa moja moja, na alipofika la kumi na moja alikuwa hacheki tena. Karatasi ile ikapelekwa kwa chama cha treni ndogo, wakaichapisha kwenye jarida lao linalotoka kila baada ya miezi miwili, na tangu hapo kila tangi jipya lililotolewa na kiwanda lilifika kwanza mezani kwa ndugu yangu, nasema mezani, meza ya kulia chakula, ambayo wifi hakuipata tena kwa miaka kumi na minane, familia ikawa inakula imepakata sahani.

Alikuwa na taratibu zake, na nazisema kwa sababu nitazihitaji mwishoni. Kwanza soma namba, kwa sababu mabehewa ya aina moja si lazima yawe sawa, kila moja lina maisha yake, limegongwa hapa, limezibwa pale. Pili zunguka pande zote mbili, usihukumu kwa upande unaokutazama. Tatu pima, usikisie. Rangi iache mwisho, kwa sababu rangi ndiyo inayodanganya. Na baada ya hayo yote aliandika chini ya taarifa neno moja kati ya matatu, Ndilo, au Linakaribia, au Silo, na watu walisubiri neno hilo kama wanafunzi wanavyosubiri matokeo. Alihukumu mabehewa mia mbili na kumi na nne. Mia na kumi na moja aliyaandikia Silo. Wifi alikuwa akimuona ameshika penseli na kukunja midomo, anasema leo kiwandani kuna kilio.

Hakutaka malipo, hakutaka cheo, alichotaka ni kimoja, kwamba akisema Ndilo, mtu aliye upande wa pili wa nchi, ambaye hajawahi kuliona behewa la kweli, aamini. Neno lake ndilo lilikuwa mali yake. Na sasa naifikia ngazi.

Mwezi wa Machi 2019 kiwanda kilitoa behewa dogo la aina aliyoijua kuliko zote, yale mabehewa arobaini ya tangi, kuanzia namba 2261 mpaka 2300, ambayo yote yalipita banda namba nne na yote aliyashika kwa mikono yake. Kwenye mabehewa hayo usukani wa breki ya mkono uko upande mmoja tu, na ngazi iko upande huo huo, ili aliyefunga breki apande juu bila kuzunguka. Marehemu alifungua boksi, akaona ngazi iko upande wa pili, upande usio na breki, na kwa kuwa mabehewa yale aliyajua kama meno yake mwenyewe, hakusoma namba. Yeye, aliyewafundisha watu wazima kusoma namba kwanza, hakuisoma. Akaandika Silo, kwa herufi kubwa, na chini yake akaongeza sentensi ambayo nilimwambia aifute akakataa, nayo ilisema, aliyechora kigari hiki hajawahi kupanda tangi maishani mwake.

Jarida likatoka, wanachama wakarudisha maboksi dukani, duka likayarudisha kiwandani. Aliyekichora alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kwenye meza ya kuchora, baada ya miaka mitatu ya kufunga vigari ndani ya maboksi, na bosi wake akamwambia kwamba jarida linalofuata likitoka na hukumu ni ile ile, atarudi kwenye maboksi. Yule binti hakulia, au kama alilia hakumwonyesha mtu. Alimwandikia marehemu barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu kuliko alivyostahili, akisema mzee wangu, shikamoo, naomba usome namba ya kigari, na naomba uangalie picha niliyoambatanisha.

Barua ilifika tarehe 2 Aprili 2019, na kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kufifia, aliileta kwangu, akasimama karibu na dirisha la jikoni, akanipa ile picha na kioo cha kukuzia, akaniambia dada hebu nisomee. Ilikuwa picha ya behewa la kweli, ya mwaka 1981, imepigwa kwenye bohari la mafuta la mbali na mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kujaza matangi huko. Nikasoma namba ubavuni, 2286. Ngazi ilikuwa upande usio na breki, wazi kabisa, na juu yake amekaa mtu mnene anacheka. Nyuma ya picha mpigaji aliandika kwamba behewa hili waliliita Kinyume, kwa kuwa ni hilo tu kati ya yote waliyoyaona lenye ngazi mgongoni, na kwamba kila walipolizunguka walimtakia maradhi fundi aliyeifunga. Nikamwambia kuna na maandishi madogo pembeni, ile tarehe inayopakwa behewa linapotoka karakana. Akasema isome. Nikasoma, saba, tisa, sabini na tatu. Akaniambia rudia. Nikarudia. Mara ya tatu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ingawa kiti kilikuwapo.

Ilikuwa Ijumaa ile. Kwenye banda namba nne mabehewa yaliingia siku zote breki ikiwa upande wa madirisha, kwa hiyo mafundi walishaacha kuitafuta breki, walifunga ngazi upande wa madirisha wakaendelea na mengine. Lakini 2286 lilikuwa limepitishwa kwenye jukwaa la kugeuzia injini, likaingia limegeuka, na mabano ya ngazi ya zamani, yaani vyuma vya kuishikilia, yalikuwa yameshakatwa yote, hapakuwa na alama ya kumshtua mtu. Ndugu yangu akalehemu mabano mapya upande wa madirisha, akafunga ngazi, mnyapara akaweka sahihi kwenye kadi ya kazi bila kuzunguka, kwa sababu na yeye alikuwa ameshavaa shati la kwendea harusini, behewa likatoka jioni ile ile, bwana harusi akaenda likizo ya wiki mbili, na 2286 halikurudi tena banda namba nne mpaka lilipokatwa vyuma chakavu mwaka 1994. Kwa miaka ishirini na moja lilitembea na ngazi yake mgongoni, na aliyeiweka alikuwa akisimulia kwenye harusi za watu kwamba mkono haukutetemeka.

Alikaa na habari hiyo siku tisa. Hakula vizuri, hakuhukumu kigari chochote, nyundo yake ndogo aliishika na kuirudisha. Mwanawe, kwa nia njema, alimshauri aweke mstari mmoja ukurasa wa mwisho wa jarida, marekebisho, kigari namba fulani kihesabiwe Linakaribia, basi, na habari ya nani alifunga ngazi haimhusu mtu, wote waliokuwapo wameshakufa au wamesahau. Na kweli, hakuna ambaye angejua. Yule binti mwenyewe hakujua, yeye alijua ngazi tu. Siku ya tisa ndugu yangu akaja tena jikoni kwangu, akaniuliza nionavyo, nikamwambia maneno haya, nayasoma kama nilivyoyasema.

"Ulimwambia mtoto wa watu hajawahi kupanda tangi. Sasa mwambie wewe ulilipanda, na ulipandia upande gani."

Akanitazama sana. Kisha akauliza kama nina penseli, na yake ilikuwa mfukoni.

Taarifa ile ilitoka ukurasa wa kwanza wa jarida la Mei 2019, na wenzetu wa chama wameniletea nakala, nayo inasema: "Behewa dogo namba 2286. Ndilo. Mchoraji aliangalia behewa, mimi niliangalia kumbukumbu zangu. Ngazi iko upande usio wake kwa sababu iliwekwa upande usio wake, tarehe 7 Septemba 1973, na aliyeiweka ni mimi, na kesho yake nilikuwa naoa. Namwomba radhi mchoraji, nawaomba radhi wajaza matangi wa bohari, maradhi waliyonitakia nimeyapata yote isipokuwa moja."

Aliogopa kwamba baada ya hapo hakuna atakayemwamini. Ikawa kinyume chake, barua zilikuja mpaka tarishi akaomba kujua mzee huyu ni nani, vile vigari vya 2286 vikaisha dukani kwa siku nne, na yule binti hakurudi kwenye maboksi, leo ni mkuu wa chumba cha kuchora, yuko hapa, safu ya tano, amevaa bluu, na nimeambiwa juzi alimpandisha tangi la kweli kila mchoraji aliye chini yake.

Lakini jambo kubwa lilikuwa nyumbani. Marehemu hakumwambia mkewe, alimwekea jarida karibu na kikombe akajifanya anatafuta miwani, nami nilikuwapo, nilikwenda makusudi. Wifi alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma ile tarehe, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kikawa cha kufuta machozi kwa upande wa khanga, akamwambia, "Miaka arobaini na sita nasubiri uniambie kwamba ulikuwa unaniwaza, kumbe uliniandikia kwenye tangi."

Ndugu yangu akasema, "Na mshono ulinyooka."

Kile kigari kiko mpaka leo kwenye meza ya kioo chumbani kwao, ngazi imetazama kitanda, na hakuna anayeruhusiwa kukipangusa vumbi isipokuwa mwenyewe mjane. Na tangu siku hiyo, harusini, marehemu alisimulia Ijumaa ile kwa namna nyingine kabisa, na ndefu zaidi.

Kuhusu ugonjwa, alianza kutibiwa presha ya macho mwaka 2017, na kufikia Agosti 2021 alikuwa haoni tena cha kusoma, akafikiri kazi yake ya kuhukumu imekwisha, nikamwambia mimi macho ninayo na kuhesabu najua, tukaendelea wawili, mimi na kioo, yeye na ncha za vidole, tukigombana kila Jumanne, kwa sababu alikuwa mwalimu mbaya, na yeye alidai mimi ni rula mbaya. Moyo wake ulianza kuchoka mwanzoni mwa mwaka huu, akalazwa hospitali ya reli, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, tarehe 22 Aprili 2024. Boksi la mwisho lilimfuata huko huko, tangi la zamani la ribiti, na nilipomaliza kuhesabu safu ya juu nikamwambia ni sitini na nne. Akapitisha kidole polepole, akasema sitini na sita. Nikamwambia acha ubishi, wewe ni mgonjwa. Akasema dada, angalia nyuma ya ngazi. Nikaangalia, zilikuwa mbili, zimejificha. Akacheka mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini, na muuguzi huyo ndiye aliyeshika kalamu akaandika hukumu ya mwisho, ya mia mbili na kumi na nne, nayo ilikuwa Ndilo. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, saa tatu asubuhi, baada ya kunywa chai na kulalamika kwamba kikombe kimejazwa nusu, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mwezi mmoja na siku kumi na nane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, waliomvumilia akiwaeleza namna ya kukaza magurudumu ya vitanda, na magurudumu hayo sasa hayapigi kelele. Inawashukuru majirani, ambao walileta viti bila kuombwa, na jirani wa mkono wa kulia aliyemwendesha hospitali mara kumi na tatu. Inawashukuru mafundi wa banda namba nne, chama cha treni ndogo, mwenye duka, kiwanda na mchoraji wake. Inamshukuru seremala aliyetengeneza jeneza, nimelizunguka, vishikio ni vitatu kulia na vitatu kushoto, vimelingana, angekupa mkono.

Nimebakiza kazi moja. Nimeisoma namba kwanza, kila tarehe niliyoitaja nimeihakiki kwenye vyeti. Nimemzunguka pande zote mbili, upande wa breki na upande wa ngazi. Nimempima bila kukisia, kwa miaka sabini na mitatu sikuwa na kazi nyingine. Rangi niliiacha mwisho, na nilipofika mwisho nikaona haihitajiki. Mtu niliyewasomea hapa, mbishi, asiyejua maneno matamu, aliyekosea mara moja kwa sababu alikuwa anapenda, na akasema ni mimi wakati hakuna aliyemuuliza, nimemlinganisha na yule niliyemjua.

Ndiye.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, breki tumekufungia sisi.